Safari Inavyokula Nyasi

Ndugu mwenyekiti, ndugu wakulima na wafugaji, madereva, na nyinyi wenzangu mnaoshinda na karatasi za bandarini, habari za asubuhi.

Nje ya ukumbi huu, upande wa kivuli, nimeweka marobota mawili ya lusini, yale majani ya malisho ambayo wengine huyaita alfalfa. Yamekatwa shamba moja, wiki moja, yakafungwa na mashine moja. Ukiyatazama kwa mbali huoni tofauti. Lakini moja ningelipandisha meli nikalala usingizi, na la pili nisingethubutu kulipakia kwa safari ya lori ya siku mbili. Tutayarudia. Kwanza tuzungumze fedha.

Kila anayeingia kwenye biashara ya kuuza nyasi kavu mbali huanza na hesabu moja, na mimi nilianza nayo hiyohiyo. Shambani tani moja inauzwa kiasi fulani, kule mbali inauzwa mara tatu ya hapo, basi tofauti ni faida. Hesabu hiyo imefilisi watu wengi. Bei ya kule mbali ina wenyewe: mwenye lori, mwenye meli, bandari mbili, mkaguzi, mfukizaji wa dawa, benki. Kila mmoja anachukua chake kwanza. Kinachobaki wakishaondoka wote ndicho bei yako wewe mkulima. Kwa hiyo kabla hujauliza soko linalipa nini, uliza safari inakula nini.

Nasema inakula, na zamani ilikuwa inakula kwelikweli. Mjerumani mmoja mwenye mashamba, Johann Heinrich von Thünen, aliandika mwaka 1826 juu ya jinsi umbali kutoka mjini unavyoamua zao gani lilimwe wapi. Alikuwa mtu wa daftari. Katika gharama ya kupeleka nafaka sokoni alihesabu hata chakula cha farasi wanaovuta gari. Tufanye hesabu ya namna hiyo kwa nyasi. Farasi mmoja anakula kilo kumi hivi za nyasi kavu kwa siku. Gari la farasi wawili lenye tani moja, likienda siku kumi na kurudi siku kumi, farasi wamekula kilo 400. Karibu nusu ya mzigo imeliwa na wanaoubeba. Ongeza siku, na unafika mahali ambapo gari linaingia sokoni tupu. Ndiyo maana kwa karne nyingi nyasi zilikuwa biashara ya jirani, isipokuwa penye mto au bahari karibu.

Maji ndiyo yaliyovunja mpaka huo. Mwishoni mwa karne ya 19, London ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya farasi, na nyasi zao nyingi ziliingia kwa mashua za tanga zilizopita mto Thames kutoka mashamba ya Essex na Kent. Zilipakiwa nyasi sitahani hadi lundo likafika karibu nusu ya mlingoti. Nahodha aliyeshika usukani nyuma hakuona mbele, hivyo msaidizi wake alisimama juu ya lundo akimpigia kelele ageuke wapi. Nawaomba muishike picha hiyo, kwa sababu mashua hizo hazikurudi tupu, na tutaona zilirudi na nini. Halafu ikaja vita ya kwanza ya dunia. Uingereza ilipeleka Ufaransa zaidi ya tani milioni 5 za malisho, oti na nyasi, na uzito huo ulizidi uzito wa risasi na makombora yaliyovushwa. Hiyo ndiyo bidhaa yetu: nyepesi mkononi, nzito kwenye vitabu vya hesabu.

Leo lori halili nyasi. Linakula fedha, na linaanza kwa kula hewa.

Robota la kawaida la shambani ni hewa kwa sehemu kubwa. Mita moja ya ujazo ina kilo 150 hivi. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 kwa ndani. Zidisha: tani kumi, na kontena limejaa hadi dari. Lakini kontena hilohilo linaweza kubeba zaidi ya tani 25, na mwenye meli anakutoza kwa kontena, hakutozi kwa tani. Tuseme nauli ya kontena ni 2,000, kwa fedha yoyote unayotumia. Kwa tani kumi, kila tani imebeba nauli ya 200. Sasa chukua marobota yaleyale uyapitishe kwenye mashine ya kushindilia, yabanwe mara ya pili hadi kilo 380 kwa mita ya ujazo. Kontena linabeba tani 25, na nauli inashuka hadi 80 kwa tani. Nyasi ni zilezile, meli ni ileile, ila umeacha kulipia hewa. Ndiyo maana nchi zinazouza nyasi ng'ambo kwa wingi zimejenga viwanda vya kushindilia karibu na mashamba au karibu na bandari. Mashine hizo ni ghali, na mkulima mmoja mmoja hana sababu ya kuinunua. Hapa ushirika una kazi ya kweli ya kufanya.

Baada ya hewa, maji. Nyasi zenye unyevu wa asilimia 12, katika tani 25 kuna tani 3 za maji. Zenye unyevu wa asilimia 18, kuna tani 4 na nusu. Tani moja na nusu ya maji inapakiwa, inapimwa, inalipiwa nauli, inavuka bahari, na ng'ombe wa kule hainywi faida yake. Na laiti hasara ingekuwa hiyo tu! Nyasi zenye unyevu zikishindiliwa zinajipika zenyewe. Vijidudu vinapumua, joto linapanda, na kwa kuwa robota limebanwa, joto halina pa kutokea. Unyevu ukipita asilimia 20, lundo zima linaweza kuwaka moto bila mtu kuligusa.

Niwaeleze lililonipata. Miaka ya mwanzo nilipeleka makontena manne, na moja kati yake lilikuwa na nyasi zilizofungwa alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na lori lilikuwa limeshafika. Lilipofunguliwa upande wa pili baada ya wiki kadhaa, mnunuzi alinitumia picha. Robota lilikuwa kijani kwa nje. Alipolipasua, katikati lilikuwa la rangi ya ugoro, na akaniandikia kwamba linanukia tumbaku na sukari iliyoungua. Wapo wanaodhani harufu hiyo ni nzuri kwa vile ng'ombe huyala vizuri majani ya namna hiyo. Ni kweli wanayala. Lakini joto limeshaifunga protini, na sehemu kubwa inapita tumboni kama ilivyoingia. Juu ya hayo, usiku wa baharini ulipoozesha paa la kontena, mvuke uligeuka matone yakadondokea marobota ya juu, nayo yakaota ukungu.

Nikajifunza siku hiyo maana ya kuwa mbali. Mnunuzi hakukataa mzigo. Alisubiri. Kontena likiwa bandarini, kila siku lina tozo. Kulirudisha nyumbani ni nauli nyingine. Kumtafuta mnunuzi mwingine katika nchi usiyoijua ni wiki, na tozo zinahesabu. Siku ya sita aliniandikia bei yake mpya, nikakubali, kwa sababu nilikuwa sina pa kwenda. Simlaumu sana. Nyasi mbovu zilikuwa zangu. Lakini nawaambia, ukishapakia, nguvu ya kupatana bei inaondoka na meli. Kila jambo linaloweza kubishaniwa, yaani unyevu, rangi, urefu wa bua, magugu, uzito wa mwisho, liandikwe kwenye mkataba na lipimwe na mtu wa tatu kabla ya mlango wa kontena kufungwa. Na sehemu kubwa ya malipo iwe imeshalindwa na benki. Tunasema kizuri chajiuza. Hiyo ni kwa mnunuzi anayeweza kuinama, akachukua konzi moja, akanusa. Wa mbali ananunua karatasi ya maabara.

Sasa, ni nyasi zipi zisafiri? Hapa ndipo penye moyo wa jambo, naomba mnivumilie na tarakimu.

Tuseme tani ya lusini nzuri, yenye protini asilimia 20, ni 200 shambani. Tani ya nyasi zilizokomaa, asilimia 8, ni 100. Kwa mfugaji wa jirani, kilo ya protini kwenye lusini inamgharimu 1, na kwenye nyasi dhaifu inamgharimu 1.25. Tofauti si kubwa, naye ana sababu zake za kuchukua ile ya bei rahisi. Sasa zisafirishe zote mbili, na safari ni 150 kwa tani, maana kontena haliulizi limebeba nini. Lusini inafika kwa 350, kilo ya protini 1.75. Nyasi dhaifu zinafika kwa 250, na kilo ya protini imekuwa zaidi ya 3. Nani atanunua? Nauli inatozwa sawa kwa kizuri na kibaya, kwa hiyo kadiri njia inavyorefuka ndivyo kizuri kinavyozidi kuwa rahisi mbele ya kibaya. Mkulima anayesema atauza mbali zile ambazo jirani amezikataa amegeuza mambo juu chini. Jirani ndiye wa kuuziwa zile dhaifu. Au mlishe mifugo yako mwenyewe, kwa sababu ng'ombe ni mzigo unaotembea, na maziwa yake na nyama yake yana thamani kubwa kwa kila kilo inayopanda lori.

Protini si yote, lakini. Wajapani na Wakorea wananunua nyasi za timothi kutoka jimbo la Washington nchini Marekani, na nyasi za oti kutoka Australia, na hizo hazitafutiwi protini. Zinatafutiwa nyuzi ndefu, rangi safi, na ladha ambayo mnyama hakatai. Sheria inabaki ileile: kinachosafiri ni kile ambacho mnunuzi hawezi kukipata kwa jirani yake kwa ubora huo.

Na sasa swali ambalo huwa naulizwa kila mara: inawezekanaje nyasi, kitu hafifu namna hii, zivuke bahari ya Pasifiki na bado zilipe? Jibu ni kontena tupu. Asia inapeleka Marekani nguo, simu, samani, vifaa vya kila aina. Meli inarudi na makontena mengi matupu. Kontena tupu kwa mwenye meli ni hasara inayosafiri, hivyo yuko tayari kulijaza kwa nauli ndogo kuliko kukosa nauli kabisa. Hapo ndipo lusini ya bonde la Imperial, California, ilipojipenyeza. Kuna nyakati imekuwa rahisi zaidi kuipeleka China kwa meli kuliko kuipandisha lori kwenda kwenye ng'ombe wa maziwa wa kaskazini, ndani ya California hiyohiyo. Basi usipime umbali kwa kilomita. Jiulize ni mizigo gani inakuja upande wako, na magari au makontena yapi yanarudi matupu, yanakwenda wapi. Soko lako la mbali huenda liko mwisho wa barabara hiyo, hata kama hujawahi kulifikiria.

Lakini anayepanda gari kwa hisani hashiki usukani. Mwaka 2021, nauli ya kutoka China kwenda pwani ya magharibi ya Marekani ilipanda mno, kampuni za meli zikaona kusubiri kontena lipelekwe shambani, lijazwe, lirudi, ni kupoteza siku. Zikayarudisha makontena matupu mbio kwenda kuchukua mizigo ya bei ghali. Nyasi zikalala maghalani, wateja wa ng'ambo wakisubiri. Malalamiko yakafika kwenye bunge la Marekani, na Juni 2022 ikasainiwa sheria inayozikataza kampuni za meli kukataa mizigo ya kuuzwa nje bila sababu ya maana. Mwaka huohuo yen ya Japani ilidhoofika sana mbele ya dola, na mfugaji wa Kijapani akajikuta robota lilelile linamgharimu fedha nyingi zaidi bila bei ya dola hata kupanda. Mkulima aliyekuwa amefanya kila kitu sawasawa shambani akaumia kwa mambo mawili ambayo hayakupita karibu na shamba lake. Kwa sababu hiyo sikubali kabisa ushauri wa kuweka mavuno yote kwa mnunuzi mmoja wa mbali, hata awe mlipaji mzuri vipi. Mwenye mteja wa jirani wa nusu ya nyasi zake anaweza kukataa bei mbaya. Asiyekuwa naye hawezi.

Masharti ya nchi nayo yanaweza kufunga mlango usiku mmoja. Japani inadai nyasi fulani zifukizwe dawa au zishughulikiwe kwa namna nyingine kwa sababu ya nzi wa Hessia anayeshambulia ngano. Kuna miaka China ilipima lusini ya Marekani na kukataa mizigo iliyokutwa na chembe za aina iliyobadilishwa vinasaba, hata pale mkulima alipokuwa hakuipanda yeye, imetoka shamba la jirani au imebaki kwenye mashine. Kusafisha mashine kati ya shamba na shamba kunaonekana ni usumbufu hadi siku kontena linaporudishwa.

Nimeacha mwishoni jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu halimo kwenye ankara yoyote.

Saudi Arabia ilitumia miongo kadhaa kuotesha malisho jangwani kwa maji ya chini ya ardhi, maji ya kale yasiyorudi. Ilipoona visima vinakauka, mwaka 2015 serikali iliamua kilimo cha malisho mabichi kisitishwe hatua kwa hatua. Ng'ombe wa maziwa hawakupunguzwa. Nyasi zikaanza kutoka nje. Mwaka 2014, kabla ya uamuzi huo, kampuni ya maziwa ya Almarai ilikuwa tayari imenunua shamba Arizona, Marekani, nchi ya jangwa vilevile, ikalima lusini na kuipeleka ng'ambo. Wenyeji walipoona maji yao ya chini yanavyovutwa, ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 2023 gavana Katie Hobbs alitangaza kufuta mkataba mmoja wa ardhi ya jimbo iliyokuwa imekodishwa kwa kampuni hiyo, na kutohuisha mingine mitatu. Sioni kwamba aliyenunua ndiye mkosaji peke yake. Alinunua kwa bei iliyowekwa, na katika bei hiyo maji hayakuwa na thamani. Profesa Tony Allan wa London alilipa jambo hili jina la maji yaliyofichika ndani ya bidhaa, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya maji ya Stockholm kwa kazi hiyo. Ukiuza nyasi, umeuza maji ya kisima chako. Kama kisima kinajazwa na mvua kila mwaka, heri. Kama hakijazwi, unauza ghala lenyewe na kuita mavuno.

Na udongo je? Kila tani ya lusini inayotoka shambani inaondoka na kilo 25 hivi za potashi na kilo 6 hivi za fosfati. Nyasi zikiliwa palepale, samadi inarudisha sehemu kubwa. Zikivuka bahari, hakuna kinachorudi. Sasa zikumbukeni zile mashua za Thames. Zilipomaliza kushusha nyasi London, zilipakia samadi ya farasi waliozila, zikairudisha Essex, ikamwagwa kwenye mashamba yaleyale. Nauli ya kurudi ililipwa na samadi, na udongo ukapata chakula chake. Meli za leo hazitaturudishia. Kwa hiyo gharama ya mbolea ya kujaza pengo hilo iandikwe kwenye hesabu ya kila tani unayouza, mstari mmoja na nauli, kabla hujasema umepata faida. Nimekagua hesabu nyingi za wauzaji, pamoja na zangu za miaka ya nyuma. Mstari huo haukuwemo.

Nimesema mengi, na jua linapanda. Twendeni nje. Nina kisu cha kukata kamba na kipima unyevu kimoja, ila nataka muanze kwa mikono. Ingizeni mkono hadi katikati ya robota, mshikilie kwa muda. Chomoeni bua moja, mlipinde, halafu mkwaruze kwa ukucha. Ngozi ikibanduka, maji bado yamo. Kisha tazameni chini baada ya kulitikisa: kama majani yote yamepukutika, lilikaushwa kupita kiasi, na protini nyingi imebaki shambani. Kila mmoja aniandikie kwenye karatasi ni lipi la kupanda meli, na ni saa ngapi anadhani lilifungwa. Ndipo tutapima kwa kipimo.